Kazi haitolewi kwa huruma: funzo la mama mmoja wa kambi ya Bulengo

GOMA – Kabla vita haijamtoa kijijini kwake, wilayani Masisi, mama huyu wa miaka 34 alifundisha shule ya msingi kwa miaka 9. Alifika kambini Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, akiwa na watoto watano na sufuria moja. Diplome ilibaki nyumbani.

Siku moja aliitwa kwenye mahojiano ya kazi ya kuhamasisha familia juu ya maji safi. Alitoka kambini kwa kuchelewa, akaingia akihema, hakuomba hata radhi. Aliulizwa: "Mama, kwa nini unataka kazi hii?" Akaanza kulia: "Tulikimbia, watoto wanalala njaa." Walimsikitikia, lakini hawakuandika kitu. Aliulizwa kama anajua kompyuta, akasema ndiyo. Alipowekewa mashine mbele yake, vidole vilikufa ganzi. Hakuitwa tena.

Kwenye bomba la maji, mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa shule alimwambia: "Mama, shida zako ni za kweli. Lakini wote waliokaa pale inje walikimbia pia. Je, uliwaambia kwamba ulikuwa unafundisha watoto 60 katika darasa moja?" Hakuwa amewaambia.

Mara ya pili alikwenda kutafuta ile biro jana yake. Alibeba cheti cha kupoteza vitambulisho, kilichotolewa na komini. Kijana mmoja mlangoni alimwomba pesa ili jina lake lipite mbele, alikataa, akaingia.

Humo ndani alikosea tena: alisema maji yakitiwa dawa ya klorini yanaweza kunywewa palepale. Swali lililofuata likaja, moyo ukamdunda. Halafu akasema: "Samahani papa, naomba nisahihishe jibu langu. Maji yangoje dakika 30 kwanza." Juu ya kompyuta alijibu: "Sijui bado, lakini naandika vizuri kwa mkono, na kusimama mbele ya watu ndiyo kazi yangu." Safari hii waliandika.

Alipata mkataba wa miezi 3. Si mingi, lakini watoto wawili walirudi shuleni.

Kwa hiyo, wewe unayengoja kuitwa: fika mapema, sema unachokijua kufanya, usidanganye. Ukikosea, omba kusahihisha. Na anayekuomba pesa, au mwili wako, ili upate kazi, huyo hana kazi ya kukupa. Mshitaki.