Walio Chini ya Nafaka Yako

Huenda ukastaajabu, ewe ndugu msomaji, kuona karatasi za kodi zinatajwa katika kurasa hizi. Usistaajabu. Kwetu Kenya mlipwa mshahara hupunguziwa kodi shilingi 2,400 kwa mwezi, akiwa na watoto wanane au akiwa hana hata paka, basi karatasi haimuulizi khabari za nyumbani kwake. Marekani si hivyo. Huko kila mwaka, kabla ya kupita tarehe 15 Aprili, mtu huandika mapato yake kisha huulizwa: ni kina nani wanaokutegemea? Na mwisho wa karatasi hutia sahihi kwamba aliyoyasema ni kweli, na kwamba akiongopa atakabiliwa na adhabu ya kiapo cha uongo. Hiyo basi ni shahada, na shahada ni jambo la dini.

Nilikaa huko miaka, na kila msimu huo watu wetu wa pwani walinijia na karatasi zao, kwa kuwa nasoma Kiingereza vyema. Sheria yenyewe haina mafumbo. Mtoto huhisabiwa akiwa hajatimia miaka 19, au 24 ikiwa bado yuko masomoni muda wote. Awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, na asiwe anajikimu mwenyewe kwa zaidi ya nusu ya matumizi yake. Mtoto wa ndugu yako huingia humo pia kama wako, jambo lililonifurahisha, kwani ndivyo tulivyolelewa. Kwa hisabu za mwaka 2025, mtoto asiyetimia miaka 17 aweza kumpunguzia mzazi wake kodi hadi dola 2,200, na mtegemezi mwingine dola 500. Kwa mwenye kufagia maofisi usiku, hizo si fedha za kupuuzwa.

Na penye fedha pana uongo. Zamani jina la mtegemezi lilitosha. Sheria ya mwaka 1986 ikataka kila mtegemezi aliyefikia miaka 5 aandikwe pamoja na nambari yake ya serikali, na katika hisabu za mwaka 1987 wategemezi wapatao milioni 7 wakatoweka. Hapakuwa na tauni wala vita! Wako walioandikwa mara mbili, na baba kwake na mama kwake baada ya kuachana. Na wako ambao hawakuzaliwa kabisa.

Siku hizi uongo umebadili kanzu. Bwana mmoja alinijia na kijikaratasi chenye jina la mtoto na nambari yake. Nikamuuliza, “Mtoto huyu alala wapi?” Akajibu, “Kwa rafiki yangu, Maalim. Yeye anao wanne, na watatu wamtosha. Tutagawana.” Kweli lipo fungu la msaada kwa wenye mapato madogo ambalo haliongezeki baada ya mtoto wa tatu, na hapo ndipo watoto huazimwa kama masufuria ya harusi. Ningeweza kumwambia kwamba akibainika kufanya hila atanyimwa fungu hilo kwa miaka 10, na kwa uzembe tu miaka 2. Sikumtajia hayo. Nilimuuliza, “Mtoto huyu akishikwa na homa usiku, huamshwa wewe?” Akanyamaza, kisha akasema kwamba serikali ile si ya Kiislamu, na mali yake haina neno.

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, nami naiona dhaifu sana. Mwenye kuingia katika nchi ya watu kwa ahadi hufungwa na ahadi yake. Wanazuoni wetu walikwisha kulieleza hilo kabla Marekani haijakuwako. Nikamrudishia kijikaratasi chake.

Lakini kuna lililonitia uzito zaidi. Binti mmoja, kazi yake hospitalini zamu ya usiku, ana mama yake mjane Lamu. Chakula, dawa, mabati ya nyumba, vyote vyatoka mkononi mwake. Akataka kumwandika. Haiwezekani: mtegemezi sharti awe raia wa Marekani au mkaazi wake, au mkaazi wa Canada au Mexico. Mama aliyeko Mexico aweza kuandikwa, wa Lamu hawezi.

“Ami,” akaniuliza, “na yule mwenye kuazima mtoto?”

“Yule pia hastahiki.”

“Na mimi nikiandika kwamba mama akaa kwangu?”

Hapa, ndugu msomaji, sikuwa na moyo wa kumhubiria. Nilimwambia kwamba naiona sheria hiyo haikumtendea uadilifu, na kwamba mama yake hakai kwake. Nafaka ya mzazi mhitaji ni wajibu wa mwana mwenye uwezo, iwe serikali yaitambua au haiitambui. Hilo alilijua kabla yangu.

Akaiacha nafasi ile tupu, akatia sahihi. Kisha akaniuliza dola siku ile ilikuwa shilingi ngapi, maana alitaka fedha zifike Lamu kabla ya Ijumaa.