Nyumba Zilizotazamana

Gemu niliyotaka kutengeneza ilikuwa ya bodaboda. Dereva atoke Raskazone, akatize Ngamiani, mitaa ya mji wetu, akwepe mashimo na mbuzi na malori, abiria wake afike stendi kabla basi la Dar halijaondoka. Yote niliyaona kichwani: vumbi, honi, taa za jioni. Ilikuwa mwaka 2018, nimemaliza chuo, sina kazi, nina kompyuta mpakato ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika na kazi imekatika.

Nilichagua programu ya kutengenezea michezo iitwayo Godot kwa sababu ni ya bure na faili lake nililipakua kwa bando la siku moja tu. Nyingine niliyoitazama ilidai gigabaiti kadhaa, na mimi wakati ule gigabaiti moja niliihesabu kama nauli. Walioianzisha Godot ni Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 waliuachia umma msimbo wake wote. Hilo lilinitia moyo kuliko masomo yote niliyoyatazama YouTube. Nilikuwa nikidhani zana za kazi hii hutoka Marekani na Japani peke yake.

Baada ya miezi mitano nilikuwa na pikipiki moja nzuri sana na barabara isiyokuwa na mwisho. Tangi la mafuta nililipaka rangi upya mara nne. Lakini ukishaendesha dakika moja, huna unachokitafuta. Hakuna cha kupata wala cha kupoteza. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi kwa bidii kabisa, usiku na mchana, na nilichokuwa nacho ni mchoro unaotembea.

Wazoefu humshauri anayeanza atengeneze kwanza kitu kidogo kama Pong, ule mchezo wa vibao viwili na kidoa kinachorushwa huku na huku. Nilipofuatilia historia yake nikakuta kwamba Pong yenyewe ilianza kama zoezi. Mwaka 1972 Nolan Bushnell wa Atari alimpa kazi hiyo Allan Alcorn ili apate mazoezi tu, maana Alcorn alikuwa hajawahi kutengeneza gemu hata moja. Ushauri niliukubali, ila mchezo nikabadilisha. Chini ya dirisha langu, kwenye baraza la nyumba yetu, kulikuwa na mchezo ambao sheria zake zilishakamilika kabla babu yake Babu hajazaliwa.

Bao nimekua nalo masikioni. Wazee wakishaswali alasiri hukaa pale na kahawa yao, na kazi yangu tangu utotoni ilikuwa kupeleka kashata na kurudisha vikombe. Sikuwahi kukaa. Si kwamba nilifukuzwa. Msichana hakai tu. Maneno yote niliyajua: kula, kutakata, kichwa, kimbi, namua, mtaji. Nilijua sauti ya mtu anayetangaza "hamna" safu ya mbele ya mwenzake ikishakauka. Sheria zenyewe sikuzijua.

"Shikamoo Babu. Nataka unifundishe bao."

"Marahaba, mke wangu. Bao watu hawafundishani. Kaa utazame."

Nilimweleza kwamba anayetaka kujifunza si mimi peke yangu, ni kompyuta, na kompyuta haiwezi kukaa ikatazama; inataka kuambiwa kila kitu kwa mdomo. Akafikiri. Usiku ule, baada ya isha, aliingiza ubao ndani, akauweka juu ya mkeka, nami nikafungua daftari.

Kila mchezaji ana mashimo 16 katika safu mbili, na kete zote ni 64. Unaanza na 10 ubaoni: 6 katika nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Zinazobaki, 22, unazo mkononi. Hayo aliyasema haraka. Tulipofika kwenye kula, yaani kuzichukua kete za mpinzani zilizo mbele ya shimo lako, ndipo mambo yakawa magumu, kwa sababu mkono wake ulijua mambo ambayo ulimi wake haujawahi kuulizwa. Kwa nini kete hizi umeanza kuzisambaza kutoka kichwa cha kushoto, lile shimo la pembeni la safu ya mbele? "Ndivyo zinavyokwenda." Nikarudisha kete, tukacheza tena, na tena, mpaka akajisikia mwenyewe akisema: ukila kwenye kimbi, shimo linalopakana na kichwa, unaanzia kichwa cha upande huohuo, ukila katikati kwa mara ya kwanza, unachagua, baada ya hapo unafuata njia uliyokwishaishika. Alinyamaza, akacheka kwa furaha. Miaka yake yote hakuwahi kuitamka sheria hiyo.

Wiki tatu baadaye nilimwonyesha ubao kwenye kioo. Upande wangu nilikuwa nimeuchora vizuri, kisha nikaunakili kwa mpinzani. Babu aliinamia kompyuta muda mrefu.

"Nyumba zinatazamana," alisema.

Nikamuuliza ubaya wake nini.

"Nyumba hazitazamani, mke wangu. Zinapishana."

Usiku uleule nikaugeuza mchoro. Kesho yake akacheza mizunguko miwili, akaondoa mkono. "Sasa huyu wako anakula kwa jirani."

Kosa lilikuwa lilelile. Mashimo ya mbele niliyapa namba kuanzia 0 hadi 7, kila mchezaji kutoka kushoto kwake, halafu nikaiambia programu kwamba shimo la 2 linatazamana na shimo la 2. Lakini mtu aliyekaa mbele yako, kushoto kwake ni kulia kwako. Shimo la 2 linatazamana na la 5. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: saba, toa namba ya shimo lako. Niliuandika, nikabaki kuutazama. Nilikuwa nimemtengeneza mpinzani kama nakala yangu, wakati bao zima limejengwa juu ya mtu aliyekukabili. Mpaka leo huo ndio mstari ninaoupenda kuliko mingine yote niliyowahi kuandika.

Makosa mengine yalifuata. Siku moja kompyuta iliganda kabisa. Kumbe nilisahau kulitoa shimo kete zake kabla ya kuzisambaza, zikawa zinazaliana na mzunguko haukomi. Tangu hapo programu yangu huhesabu kete zote kila baada ya hatua, na zikiwa si 64 inasimama na kuniambia ilipofika. Baadaye nilisoma kwamba watafiti walioandika programu za bao wamegundua mipangilio ambayo kete huzunguka bila kikomo hata pasipo kosa lolote, nikaongeza na kizuizi cha hilo.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi hakikuwa hesabu. Toleo la kwanza la bao nililoliweka kwenye simu lilisambaza kete zote kwa kufumba na kufumbua. Unagusa shimo, ubao unabadilika, basi. Wazee walioijaribu waliishika simu kwa heshima, wakairudisha. Nikapunguza kasi, kete moja moja, na hapo wakaanza kuinama juu ya kioo. Halafu nikakumbana na nyumba: kete ya mwisho ikiangukia humo wakati wa namua, yaani kete za mkononi zikiwa bado zinaingizwa ubaoni, na hapo huna unachokula, mwenyewe ana haki ya kuamua kama atasimama ailinde au ataivunja aendelee. Programu yangu haikujua kungoja. Ilibidi niivunje nusu yake na kuiandika upya ili iweze kusimama katikati ya mwendo, imwachie mtu nafasi ya kuwaza. Ile gemu ya bodaboda haikuwa na mahali hata pamoja pa namna hiyo.

Ikabaki sauti. Nilikuwa nimepakua sauti ya bure ya vijiwe vinavyogongana. Babu alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hizo kokoto. Bao ni komwe."

Nilikwenda ufukweni nikachuma komwe kutoka kwenye mikomwe, miiba yake ikanichana mikono, nikazibangua, nikarudi nazo mfukoni. Nilirekodi kwa simu saa nane usiku, nimejifunika blanketi pamoja na ubao, ili pikipiki za barabarani zisisikike. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo nilikuwa nikilisikia tangu nikiwa mtoto: kete ikiingia shimo tupu hugonga mti, sauti kavu, moja, na ikiwa ya mwisho basi imelala, zamu imekwisha; ikiingia shimo lenye nyingine huzikuta na kuzisogeza, sauti pana kidogo. Nikaweka zote mbili, na programu ikawa inachagua kulingana na shimo.

Jioni moja Babu alikuwa amejinyoosha barazani, kanzu yake imekunjwa magotini, simu iko kifuani. Alikuwa akicheza dhidi ya kompyuta. Ilikuwa zamu ya mashine, na kete zilikuwa zikishuka moja baada ya nyingine, nami nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Hakuwa akitazama kioo.

"Imelala," alisema, macho ameyafumba. Kisha akaiinua simu. "Zamu yangu."