Chumba cha mtoto kitazame kaskazini

Mpunga ukishauzwa Madibira, ndipo hela ya bati na saruji inapopatikana. Familia nyingi hujenga wakati huo wa kiangazi, katika miezi ileile ambayo usiku watoto hulala wamejikunyata. Ukipanda barabara ya kwenda Mafinga, baridi huzidi.

Fundi anapouliza nyumba itazame wapi, jibu la kawaida ni barabarani, ili mgeni auone mlango. Ni jibu la heshima, lakini barabara haimpi mtoto joto. Jua ndilo linalompa.

Madibira iko kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni, jua la saa sita mchana haliwi utosini, huinama upande wa kaskazini kwa nyuzi zaidi ya 30. Dirisha la upande huo hupokea jua karibu mchana kutwa. Desemba jua huhamia kusini kidogo, na dirisha hilohilo hubaki kivulini wakati wa joto. Basi ubavu mrefu wa nyumba utazame kaskazini, vyumba vya kulala viwe huko, na stoo na bafu vikae kusini. Kuigeuza nyumba kwenye ramani hakuongezi hata tofali moja.

Ukuta mnene wa tofali hunywa joto mchana na kulitoa taratibu usiku. Wahehe walilijua hilo tangu zamani: tembe zao zilikuwa na kuta nene na paa la udongo. Bati halina uwezo huo. Joto hupanda juu na bati hulipoteza mara giza linapoingia, ndiyo maana dari si pambo. Mwenye fedha kidogo aanze na dari ya chumba cha watoto, sebule isubiri.

Haya ni mambo ya afya kabla ya kuwa ya ujenzi. Nyumba ikiwa baridi, mzazi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huanza kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi ambao familia nzima inaweza isiamke. Moto uliofifia bado ni hatari.

Uliyekwisha kujenga, wahamishie watoto chumba kinachopata jua. Fungua mapazia asubuhi, anika magodoro, na funga madirisha jua likianza kupoa, ila matundu ya hewa usiyazibe. Jiko libaki nje.

Na wewe ambaye bado hujachimba msingi, simama kiwanjani saa sita mchana mwezi Juni, utazame kivuli chako. Kinakolala ni kusini. Mgongoni mwa kivuli hicho ndiko dirisha la mtoto liende.