Siku ya Babu Katika Makumbusho ya Kandanda, Manchester



Ndugu wasomaji, safari ninayotaka kuwasimulia ni fupi. Si ya Umra wala ya kurudi nyumbani. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, kutoka Leicester hadi Manchester. Wala mimi si mpenzi wa kandanda, na wanaonijua watacheka wakiona nimeandika juu yake. Lakini yaliyotukia siku ile yamenibakia moyoni, nami nimeona yafaa niyafikishe kwenu, hasa kwa wenzangu wenye wazee na watoto chini ya paa moja.

Baba yangu mzazi alikuja kukaa nasi miezi mitatu, baada ya mama kutangulia mbele ya haki. Tulitaraji kwamba wajukuu wangemwondolea upweke. Haikuwa hivyo. Kijana wangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, Babu." Babu akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha mlango wa chumba ukafungwa. Haukuwa utovu wa adabu. Kiswahili chake kilikuwa kikiishia hapo. Na Babu, ambaye Kiingereza chake ni cha darasani miaka ya hamsini, hakufuata hata sentensi moja ya vijana wa leo. Nami nilijua kosa ni la nani. Tangu mtoto akiwa mdogo nilimsemesha Kiingereza, nikidhani namrahisishia masomo. Sasa nilikaa jikoni nikisikiliza kimya cha watu wawili ninaowapenda, kimya nilichokijenga kwa mikono yangu.

Ilipofika likizo ya shule, baba watoto akapendekeza twende Manchester kutazama Jumba la Makumbusho ya Taifa ya Kandanda. Nilikubali kwa ajili ya watoto tu. Babu alipoulizwa alijibu, "Mtakakokwenda nami nipo," kama mgeni anayeogopa kuwa mzigo.

Jumba lenyewe ni la vioo vitupu, nalo limeinama upande mmoja mithili ya jahazi lililolaliwa na upepo. Liko karibu na kanisa kuu la mji na stesheni ya Victoria. Makumbusho haya yalifunguliwa kwanza katika mji wa Preston mwaka 2001, yakahamishiwa hapa mwaka 2012. Manchester nayo ina haki yake katika jambo hili, kwani ni katika hoteli moja ya mji huu, mwezi wa Aprili 1888, ndipo ilipoundwa Ligi ya kwanza, ikiwa na klabu 12.

Tulianza na habari za mwaka 1863, pale wawakilishi wa klabu za London walipokutana katika nyumba ya vinywaji iliyoitwa Freemasons' Tavern, wakaunda Chama cha Kandanda na kuandika sheria 13. Kabla ya hapo kila shule ilicheza kwa kanuni zake: huku mpira hudakwa, kule mtu hupigwa mateke ya miguu na ikawa halali. Babu aliomba asomewe. Kijana akaanza kumfasiria, polepole, akitafuta maneno. Alipofika sheria ya sita akakwama. Akageuka kwangu: "Mama, hii kwa Kiswahili ni nini? Mchezaji yuko mbele ya mpira, hawezi kucheza." Nami sikujua.

"Kuotea!" akasema Babu kwa sauti iliyowageuza watu wawili watatu. "Hapo ameotea. Mshika kibendera keshanyanyua mkono."

Kijana akalirudia neno lile. Kisha akauliza jingine, na jingine. Mpira ukipita katikati ya miguu ya mtu? Amepigwa tobo. Ukimpitisha juu ya kichwa na kuupokea nyuma yake? Umemvika kanzu. Hapo mwanangu akacheka hata akakaa chini, maana kanzu aijuayo ni ile ya Idi, iliyomfupa mwaka huu. Kupigapiga mpira bila kuangusha? Danadana. Ukiingia golini? Umetinga kimiani. Nilisimama kando nikishangaa. Kumbe mlango niliokuwa nikiutafuta miezi miwili ulikuwa hapa, na ufunguo wake alikuwa nao Babu siku zote.

Mbele kidogo palikuwa na picha ya wachezaji wa zamani, na chini yake jina la Sunderland. Babu akasimama. "Hii ndiyo timu yangu," akasema. Kijana akamweleza kwa heshima kwamba hapana, Sunderland ni mji wa huku Uingereza, kaskazini mashariki. Babu akatabasamu, akamsimulia jambo ambalo hata mimi nililijua nusu nusu: kwamba Simba ya Dar es Salaam, iliyozaliwa mwaka 1936, ilipata kuitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na jina hilo ililichukua hadi mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Yeye alikuwa kijana wa Sunderland wa Kariakoo, nguo nyekundu na nyeupe, na watani wao Yanga wakiwa ng'ambo ya mtaa. Mwaka huo huo wa 1936 ndipo Sunderland ya huku ilipochukua ubingwa wa Ligi kwa mara ya mwisho. "Basi walitupa sisi bahati yao," akasema Babu. Mjukuu, ambaye ni Manchester City kindakindaki, aliliwazia jambo hilo kwa muda mrefu.

Tuliuona mpira wa rangi ya chungwa uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1966, England ilipoifunga Ujerumani Magharibi mabao 4 kwa 2. Watu waliuzunguka kwa furaha. Babu akamwuliza kijana, "Waafrika walikuwa wapi siku hiyo?" Kijana hakujua. Akaambiwa: walisusa. FIFA ilitaka bingwa wa Afrika nzima akapambane tena na mshindi wa mabara mengine ndipo apate nafasi, na nchi za Afrika, zikiongozwa na Ghana, zikasema kama ni hivyo hatuji. Susio lile likazaa matunda, kwani mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake kamili, na Morocco ikaenda Mexico.

Binti yangu, mwenye miaka kumi, alinivuta mkono hadi kwenye sanamu ya Lily Parr, iliyowekwa mwaka 2019. Huyu alichezea timu ya wanawake wa kiwandani huko Preston iliyoitwa Dick, Kerr Ladies. Tarehe 26 Desemba 1920 timu hiyo ilicheza Liverpool mbele ya watazamaji 53,000. Mwaka uliofuata Chama cha Kandanda kikapiga marufuku wanawake kuchezea viwanja vya klabu zake, na marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Binti aliuliza kama waliruhusiwa kuvaa mtandio. Nikamwambia kwamba FIFA iliruhusu rasmi hijabu mwaka 2014, jambo ambalo nalo lilihitaji watu wa kulidai.

Lakini kituo kilichotusimamisha zaidi kilikuwa cha Arthur Wharton. Alizaliwa Accra mwaka 1865, akaja huku kusoma, akawa mkimbiaji aliyekimbia yadi 100 kwa sekunde 10 mwaka 1886, kisha mlinda mlango wa Preston na wa Rotherham. Ndiye anayehesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kucheza kandanda ya kulipwa. Alifariki mwaka 1930 katika ufukara, baada ya kufanya kazi katika migodi ya makaa, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Ni mwaka 1997 tu ndipo lilipowekwa jiwe lenye jina lake, na mwaka 2003 akaingizwa katika orodha ya heshima ya makumbusho haya.

Kijana aliyasoma hayo yote kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, na Babu hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Babu akasema polepole, "Miaka sitini na saba bila jina." Halafu akaongeza, "Mimi nami nilikuwa mlinda mlango."

Sikuwa nikilijua hilo. Mwanawe wa kumzaa, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili, sikulijua. Alidakia timu ya mtaa, Ilala, misimu minne, hadi alipovunjika kidole. Na hapo akatuonyesha kidole cha kati cha mkono wa kulia, kilichopinda, ambacho tangu utotoni nilidhani amezaliwa nacho. Kijana akamwuliza, "Babu, picha yako iko wapi?" Akajibu kwamba haipo. Wakati ule picha ilikuwa ya harusi na ya kitambulisho. Nani angempiga picha mtoto wa mtaa akidaka mpira wa matambara?

Hatukuzungumza sana baada ya hapo. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri, jamu na kasri, kwa kuwa tulikuwa wasafiri, tukala sambusa na chapati tulizofungasha, tukaanza safari ya kurudi. Nyuma ya gari nilisikia maswali. Uwanja ulikuwa wapi? Nani alikuwa mshambuliaji? Mlifungwa na nani? Kijana aliyapokea majibu katika simu yake, akinasa sauti, hata tulipofika Leicester Babu alikuwa amelala katikati ya mechi.

Babu amekwisha rudi Dar es Salaam. Sasa kila Jumapili simu hulia, na anayeipokea si mimi. Hubishana juu ya Simba na City, na mara nyingine husikia mwanangu akisema "ameotea huyo" hali mimi niko jikoni, nikatabasamu peke yangu.

Ndugu wasomaji, anayetaka kwenda na aulizie kwanza bei za viingilio na siku za kufungua. Lakini hata asiyekwenda ana la kufanya. Wazee tulio nao wana mambo ambayo hatujawauliza, na hakuna jumba litakalotuwekea.

Kijana ameyaandika masimulizi ya Babu katika daftari la shule, kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza unaanza hivi: "Babu yangu alikuwa golikipa odari." Nilichukua kalamu niongeze ile herufi iliyokosekana, kisha nikairudisha mezani.

Wabillahi tawfiq.

Mama wa watoto wawili, Leicester