Changu wa Siku ya Kusi

Mwalimu mmoja wa Tabora, aliyelelewa kwa dagaa wakavu wa Kigoma, alisafiri mwezi wa Julai mpaka Unguja. Tamaa yake kubwa ilikuwa kula changu aliyevuliwa siku ile ile, mbele ya bahari yenyewe. Aliingia katika mkahawa mmoja wa pwani, akaagiza. Mtumishi akatabasamu, akamhakikishia kuwa samaki ni wa alfajiri. Changu alipoletwa, nyama yake ilikuwa tepetepe, ikiachana na mfupa kabla haijaguswa. Ndimu na pilipili zilizidi kama manukato katika nguo chafu. Alikula nusu, akalipa, akatoka kimya.

Ufukweni aliona ngalawa zimepandishwa mchangani. Mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu uliochanika alimwambia, "Pepo za kusi zimekaza, mwanangu; siku ya nne leo hatujashuka."

Hapo mwalimu alifahamu kuwa upepo haukuwa na kosa, wala barafu. Kama angaliambiwa kweli, angalikula kunde za nazi kwa furaha, akaondoka na heshima ya wenyeji moyoni. Bahari hunyima kwa majira yake, na mgeni huwa radhi nayo; lakini ulimi unaonyima kweli hauna majira.