Mkwaruzo wa Besi: Göteborg na Bukoba

Hakuna kinachomuudhi mpiga besi kama sauti asiyoikusudia, maana uzi mnene wa gitaa hilo, ule utetemekao takriban mara 41 kwa sekunde, wahitaji nafasi pana ya kucheza, na kizuizi kidogo tu hugeuza mvumo wake kuwa mkwaruzo. Hapa Göteborg ninakoishi, na kwetu Bukoba na Muleba ambako besi imekuwa nguzo ya kwaya nyingi za makanisa, maradhi ni yale yale. Namna ya kuyatafuta ndiyo iliyohitilafiana.

Fundi wa hapa hulilaza gitaa juu ya meza akaanza na vipimo. Huubana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, akapima uwazi uliobaki katikati ya shingo, ambao aghalabu hutakiwa uwe yapata theluthi moja ya milimita. Ukizidi au ukipungua, hukizungusha chuma kilichofichwa ndani ya shingo kwa robo ya mzunguko, akakaza nyuzi upya, akapima tena. Kazi hii humzidia majira ya baridi, kwa kuwa nyumba zipashwapo moto hewa hukauka, mbao zikasinyaa, hata ncha za freti zikajitokeza pembeni na kuchoma kiganja.

Kwetu ni kinyume. Ziwa liko mlangoni, mvua ya Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na shingo ya gitaa huvimba kwa unyevu. Walakini fundi wa kwetu, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo atengenezaye redio, hakimbilii shingo. Niliwahi kumtazama mmoja wao katika kanisa la Muleba: alizima amplifaya, akamwambia kijana apige noti moja moja pasipo umeme, akatega sikio karibu na freti. Mkwaruzo haukuwepo. Akawasha, akamwamuru kijana aishikilie noti ile, naye akazunguka ukumbi mzima akigusa kwa kiganja ngoma, vioo vya madirisha na sanduku la spika, mpaka akakibaini kioo kilicholegea katika fremu yake. Hapa Göteborg gitaa lile lingeachwa dukani kwa siku kadhaa, likarudi na shingo iliyonyoka na kioo kikaendelea kulia.

Usikivu huo sioni ajabu kuukuta kwa watu wenye enanga, ala ambayo uzi wake mmoja mrefu hupitishwa mara kadhaa juu ya mti uliochongwa kama hori. Na majirani zetu Waganda, katika ala yao ya endongo, huziacha nyuzi zikwaruze ngozi kwa makusudi, kwani huo ndio utamu wake. Anayejua kuutengeneza mkwaruzo hujua pia utokako.

Lakini sikio likishaonyesha kwamba kasoro i katika gitaa lenyewe, kwetu hukosekana zana. Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, mfereji wake kichwani umechimbika mno. Ukikwaruza kwenye freti za mwanzo, shingo imenyoka kupita kiasi. Ukikwaruza kwenye noti moja pekee, freti inayofuata imeinuka. Kwa kukosa ufunguo mdogo wa pembe sita, dawa ya yote imekuwa kuinua daraja, na vijana hupigia nyuzi zilizo juu hata vidole vikachubuka.

Jambo linalonitia hofu ni mngurumo wa umeme. Tanzania na Uswidi zote zatumia volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo ni ule ule. Tafauti i katika waya wa ethi. Ukigusa jeki mngurumo ukatulia, ilhali ukigusa nyuzi hautulii, waya uliounganishwa na daraja umekatika, na solda kidogo yatosha. Lakini nimeona kwetu watu wakiukata waya wa ethi wa amplifaya ili kunyamazisha kelele. Nyuzi za besi zimeungana na bati la amplifaya. Hitilafu ikitokea, umeme utampitia mpigaji, hasa akiwa amesimama juu ya sakafu mbichi na midomo yake imegusa maikrofoni. Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu wa kwaya: vumilieni mngurumo mpaka fundi umeme aichomeke fimbo ya shaba ardhini nje ya kanisa na kuifunga barabara, na ninyi mtakaorudi nyumbani Desemba, tieni funguo za pembe sita katika mizigo yenu.