Kuizunguka Ghuba ya Winam: Safari za Familia Tangu Enzi za Meli

Kwa muda mrefu familia za Kisumu zilisafiri kando ya ziwa kwa sababu moja tu: kulikuwa na mtu wa kwendewa. Palikuwa na bibi Kendu Bay, shangazi aliyeolewa Mbita, matanga Asembo, ng'ombe wa mahari wa kupelekwa Karachuonyo. Hakuna aliyefunga safari ili akatazame jiwe, kisiwa au swala. Siku hizi gari dogo huondoka Kisumu Jumamosi asubuhi, watoto nyuma, maji na ndizi kwenye buti, likazunguka ghuba nzima na kurudi jioni bila kuingia boma la ndugu hata mmoja.

Ghuba ya Winam ni mkono wa Ziwa Victoria unaoingia mashariki, Kisumu ikiwa kwenye ncha yake, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu uko kati ya Rusinga na nchi ya Uyoma. Kenya inamiliki takribani asilimia 6 tu ya eneo la ziwa lote, na sehemu kubwa ya miji yake ya ufuoni imeelekea ghuba hii. Kabla ya lami, aliyetaka kutoka Kisumu kufika Homa Bay alikuwa na maji mbele yake, na pembeni vumbi wakati wa kiangazi au matope wakati wa masika. Maji ndiyo yaliyokuwa barabara.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani hapo Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Meli za mwanzo, William Mackinnon, Winifred na Sybil, zililetwa kutoka Uingereza vipande vipande na kuunganishwa hapohapo Kisumu. Meli kubwa zilikwenda Entebbe, Bukoba, Mwanza na Musoma. Zile ndogo, ambazo wenyeji walizijua zaidi, zilipita gati kwa gati ndani ya ghuba: Asembo, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, hadi Mfangano.

Waliosafiri humo wakiwa watoto hukumbuka vitu vilevile. Daraja la tatu lilikuwa chini, kati ya mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu, na harufu ya omena waliokaushwa ilikaa kwenye sweta hadi zifuliwe. Mlima Homa ulionekana mapema upande wa kusini, na watoto walipima safari kwa ukubwa wake: ukiwa mdogo na wa bluu, hata Kendu Bay haijafikiwa, mashamba ya miteremkoni yakianza kuhesabika, Homa Bay iko karibu na viatu vivaliwe. Viatu vilivuliwa mara tu baada ya kuondoka na kuvaliwa tena kabla ya kushuka, maana bibi angekuwa gatini, na mtoto wa mjini hakupaswa kumfikia bibi yake miguu mitupu.

Usafiri huo haukufa kwa siku moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa pamoja na mali nyingine: Victoria ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huohuo na haukufunguliwa hadi 1983, kwa hiyo familia zilizokuwa na ndugu Musoma au Mwanza zilikaa miaka bila kuonana. Reli ya Kenya iliendelea na meli chache zilizozeeka. Kisha yakaja magugu maji, yaliyoanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1997 na 1998 yalikuwa yameifunika sehemu kubwa ya ghuba, na kuna asubuhi Kisumu iliamka ikakuta bandari yake imegeuka uwanja wa kijani. Ni desturi kuyalaumu magugu kwa kifo cha meli za abiria. Lawama hiyo ni ya haki nusu tu, kwani yalipofika, meli nyingi zilikuwa tayari zimelala gatini kwa kukosa vipuri na abiria.

Abiria walikuwa wamehamia barabarani. Njia ya kusini hutoka Kisumu hadi Ahero, hukata mto Nyando, hupinda Katito, huvuka mto Sondu Miriu na kushuka Kendu Bay. Si zaidi sana ya kilomita 100 kufika Homa Bay, ila enzi za murram zilikuwa kilomita za siku nzima, hasa mvua ikinyesha katika uwanda wa Kano. Familia nyingi zilipanda basi au matatu ya Peugeot 504 ambamo watu kumi walihesabiwa kuwa wachache. Mwenye gari lake mara nyingi alikuwa mwalimu mkuu, daktari au mfanyabiashara, na gari hilo lilikuwa la ukoo mzima: likienda Kendu Bay Desemba, lilipakia binamu, godoro, sukari na sabuni za miche; likirudi Januari, lilipakia binamu wengine, viazi vitamu na jogoo.

Samaki hawakuruhusiwa ndani. Walifungwa kwa kamba mbele, kwenye bampa au kioo cha pembeni, upepo uwapige hadi nyumbani. Desturi hiyo bado ipo, na dereva anayeifuata hana haja ya kuulizwa ametoka wapi.

Katika miaka hiyo hifadhi za wanyama zilikuwepo tayari, lakini hazikuwa sehemu ya safari ya familia. Bonde la Lambwe lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, likafanywa mbuga ya taifa ya Ruma mwaka 1983. Mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 120, na ndiyo makao ya mwisho ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, katika Kenya nzima. Wenyeji hata hivyo walilijua bonde kwa jambo jingine: mbung'o na ugonjwa wa malale. Sehemu kubwa ya bonde ilikaa bila watu kwa sababu hiyo, na mzazi aliyepita karibu nalo aliwaamuru watoto wafunge vioo. Kisiwa cha Ndere, kilichofanywa mbuga mwaka 1986, kilihitaji mashua na muda. Mbuga zilihesabiwa kuwa mambo ya wazungu na serikali. Mtu mzima aliyesema anakwenda kulipa pesa akamtazame swala angeulizwa kama hana shamba la kupalilia.

Kilichogeuza mambo, kwa maoni ya mwandishi, hakikuwa Ruma wala Ndere. Kilikuwa kipande cha ardhi mjini, chini ya nusu kilomita ya mraba, kilichotengwa mwaka 1992 kwa ajili ya swala pala waliobaki ufuoni mwa Kisumu: Impala Sanctuary. Ukitoka katikati ya mji unakifikia kwa miguu. Shule zikaanza kupeleka wanafunzi kwa mabasi, Ijumaa kwa Ijumaa, kuwaona pala wakila majani kando ya ziwa, nzohe kwenye mafunjo, na simba na chui waliofungiwa. Watoto wakarudi nyumbani na maswali, na Jumapili baada ya kanisa wakawavuta wazazi wao getini. Baba aliyekulia Kisumu na kuwakimbia viboko wa ufuo wa Dunga tangu utotoni akajikuta amepanga foleni ya tiketi akiwa na suti. Chini ya miti mpiga picha wa kukodi alingoja na kamera yake shingoni, na picha zilichukuliwa wiki iliyofuata mjini. Hapo ndipo familia za kawaida zilipojifunza kwamba mahali panaweza kutembelewa kwa ajili ya kuonwa tu. Baadaye walipopata gari, walikuwa tayari wanajua la kufanya nalo.

Lami ilimalizia kazi hiyo. Njia za kwenda Luanda K'Otieno upande wa kaskazini na Mbita upande wa kusini zilipowekwa lami, na feri ya magari ikawa inavuka kati ya miji hiyo miwili, ghuba ikawezekana kuzungukwa kwa siku moja. Mzunguko huanzia Kisian, ambako barabara ya Bondo huachana na ile ya Maseno na Busia. Kituo cha kwanza huwa Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyobebana huko Seme, ambako watu wa madhehebu mbalimbali huenda kufunga na kuomba, na watoto huenda kukwea. Si ajabu kuwakuta wote pamoja, wanaoomba wakiwa na mavazi meupe kwenye pango, na juu yao mvulana anayepiga kelele kwamba ameliona ziwa.

Luanda K'Otieno ni mahali pa kungoja. Magari hupangwa kwenye mteremko, kina mama huja madirishani na karanga na mayai ya kuchemsha, na feri ikiwasili hutema kwanza pikipiki, kisha watu, kisha malori. Kwa wengi wa kizazi cha leo ndiyo meli pekee waliyowahi kupanda, na safari yake ni fupi kiasi kwamba hakuna anayepata nafasi ya kuvua viatu.

Mbita na kisiwa cha Rusinga ziliunganishwa kwa tuta katika miaka ya 1980. Tuta hilo lilirahisisha usafiri na likaziba mkondo, maji yakatuama na kuharibika, hadi daraja lilipojengwa baadaye ili ziwa lipite tena. Kisiwani wageni huenda Kasawanga kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lake lina umbo la risasi, na ni wazazi wachache wanaoweza kuwaeleza watoto sababu bila kutulia kidogo. Mwaka 1948 kisiwa hikihiki kilimpa Mary Leakey fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa takribani miaka milioni 18. Mambo hayo mawili yako kwenye kisiwa ambacho gari hukizunguka kwa muda mfupi tu.

Ruma sasa ni sehemu ya mzunguko. Mbung'o wamepungua sana, twiga wapo, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 vifaru walirudishwa bondeni. Korongo ni vigumu kuwaona, wamebaki wachache mno, na kuna familia zilizokwenda mara kadhaa zikaambulia nyati na vumbi. Wenye siku mbili husogea kusini hadi Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16 hivi, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Wenye siku moja hurudi kwa Homa Bay na kusimama Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ziwa dogo la magadi ndani ya shimo la volkeno. Husemwa palikuwa na kijiji kilichozama usiku mmoja baada ya kumfukuza ajuza aliyeomba hifadhi. Bibi za Kendu Bay waliisimulia hadithi hiyo wajukuu wakiwa jikoni. Sasa huisimulia mwongoza watalii, kwa ufupi, na flamingo wakiwepo huwa hamalizi.

Mlo wa mwisho wa safari ulikuwa Lwang'ni, safu ya vibanda vya mabati ufuoni mwa Kisumu, ambako madereva walikuwa wakiosha magari yao kwa maji ya ziwa huku wenyewe wakila. Vibanda hivyo viliondolewa bandari ilipofanyiwa ukarabati, na wengi wakahamia Dunga. Utaratibu haukubadilika. Mteja huonyeshwa ngege mzima, humpima kwa macho, hujadiliana bei.

"Mama, huyu atatutosha sisi watano?"

"Ongeza mmoja, mwanangu. Hao watoto wamevuka feri."

Samaki hukatwa mistari ubavuni, hukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka mapezi yakauke, kisha anayetaka mchuzi huongezewa nyanya na kitunguu kwenye sufuria nyingine. Huja na ugali na sukuma wiki, na mkono hunawiwa mezani kwa jagi na beseni. Mbuta, walioingizwa ziwani katikati ya karne ya 20, huenda viwandani na kusafirishwa nje minofu yao. Kwenye meza ya familia ngege bado ndiye mwenye heshima.

Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda kupita hata kiwango cha mwaka 1964, likaingia kwenye mikahawa na nyumba za ufuoni, na baadhi ya maegesho ya Dunga yakawa maji. Yalipopungua, safari zilirudi, simu zikiwa zimechukua nafasi ya mpiga picha wa kukodi. Simu hizohizo zimeleta tatizo ambalo enzi za meli halikuwezekana. Picha ya watoto wakiwa Kendu Bay humfikia shangazi wa Kendu Bay kabla gari halijafika Katito, naye hupiga akiuliza ni lini mlango wake umekuwa wa kupitwa kama wa jirani mwenye kesi. Wengi sasa humtengea saa moja kwenye ratiba, kati ya Simbi Nyaima na Ahero, na hufika na sukari.

Treni ya abiria ilirudi Kisumu Desemba 2021 kwenye reli ileile ya zamani, na hujaa wakati wa sikukuu. Uhuru nayo ilikarabatiwa ikarudi majini, ila hubeba mizigo. Abiria wa kutoka Mbita kwenda Mfangano bado hutumia mashua za injini, na wenye mashua hizo hupendelea kuondoka asubuhi, kabla upepo wa mchana haujachafua maji.